Mafunzo Niliyopata Mpagazi Alipokohoa

Mbwa wangu anaitwa Mpagazi. Alipokuwa mtoto hakuna ndala iliyolala salama mlangoni petu. Alibeba moja hadi chini ya mwembe, akaitua, akarudi kufuata ya pili, na ukimfukuza anakwenda na mzigo wake kichwa juu kama mtu aliyekwisha kulipwa posho. Kwetu Unyamwezi hilo si jina la dhihaka. Mababu zetu walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na vitambaa na shanga, miezi kwa miguu, na kijana ambaye hajaiona bahari alihesabiwa bado mtoto. Shangazi yangu, ambaye hataki mbwa karibu na mkeka wake, ndiye aliyelalamika: "Kazi ya babu yako umeivisha mbwa?" Nikamwambia babu angecheka. Akanijibu kwamba babu hakuwa mtu wa kucheka ovyo.

Tunaishi upande wa Kwihara, kilomita chache nje ya mji wa Tabora, ambako kuna miembe mikubwa ambayo wazee husema ilitokana na kokwa zilizotupwa na watu wa misafara. Usiku mmoja wa Julai, baridi ikiwa imeshika na vumbi limetulia, nikamsikia Mpagazi anakohoa. Kikohozi kikavu, cha kukwaruza, kama bata bukini aliyekabwa. Alinyoosha shingo, akakohoa mara nne au tano mfululizo, kisha akajikamua na kutoa povu jeupe. Akanitazama, akatikisa mkia, akaanza upya.

Niliyojifunza katika wiki tatu zilizofuata nayaandika kwa mpangilio wa makosa yangu.

1. Usitie mkono kinywani mwa mbwa anayekohoa

Usiku ule tulikuwa tumekula kuku wa kienyeji. Kwa hiyo sikujiuliza mara mbili: mfupa umemkwama. Mpwa wangu akamulika kwa tochi ya simu, mimi nikampanua Mpagazi taya, nikaingiza vidole viwili hadi kwenye shina la ulimi. Hapakuwa na mfupa. Palikuwa na ulimi, mate mengi, na jino moja la nyuma lililonikwaruza kidole cha kati. Nikajifuta kwenye suruali, nikalala.

Asubuhi nikampigia simu daktari mmoja mstaafu wa mifugo aliyehamia Tabora miaka mingi iliyopita, mama wa Kigogo, mtani wangu. Nikamsimulia, nikitarajia anisifu kwa ujasiri. Akanyamaza. Kisha akauliza, bila utani wowote: "Umenawa?"

Ndipo akanieleza jambo ambalo kila anayefuga mbwa katika nchi hii anapaswa kulijua kabla hajajua jina la chakula cha mbwa. Kichaa cha mbwa hakiji siku zote na meno nje na macho mekundu. Kuna kichaa cha kimya. Misuli ya taya na koo inapooza, mbwa hawezi kumeza, mate yanamchuruzika, anajikamua, na kila anayemtazama anasema mfupa umemkwama. Mwenye mbwa, kwa huruma, anaingiza mkono. Virusi vimo kwenye mate, na mkwaruzo mdogo unavitosha kuingia. Dalili zikishamtokea binadamu, karibu hakuna anayepona. Inakadiriwa kwamba Watanzania wapatao 1,500 hufa kwa ugonjwa huu kila mwaka, wengi wao watoto.

Akaniamuru nisimame pale pale, ninawe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, simu niiweke juu ya ndoo tuhesabu pamoja. Dakika 15 za kunawa kidole kimoja ni ndefu kuliko hotuba ya harusi. Kisha niende hospitali, nichukue na kadi ya chanjo ya mbwa. Kadi ilikuwapo, kwenye droo, chini ya risiti za umeme: Mpagazi alichanjwa Septemba iliyotangulia. Hiyo ilipunguza hofu, haikuiondoa. Hospitalini nilianzishiwa sindano, na mbwa akawekwa chini ya uangalizi wa siku 10, kwa sababu mbwa ambaye mate yake yana virusi siku anayouma au kukwaruza huwa hachukui zaidi ya siku hizo kabla hajaugua waziwazi au kufa. Siku ya 10 Mpagazi alikuwa anakohoa bado, lakini anakula, anakunywa, anabeba ndala. Sindano zikasimamishwa.

2. Anza na njia, dawa baadaye

Mtani wangu alifika jioni ya siku ile kwa bodaboda, mkoba begani. Mwangaluka, salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, anaijua, akaitumia ingawa jua lilikuwa linazama. Nilidhani atafungua mkoba. Akaomba kiti. "Wiki mbili hizi," akasema, "huyu kaenda wapi, na nani kaja hapa?"

Hajaenda popote, nilijibu. Hakuna aliyekuja.

Aliyekuja alikuwapo. Siku saba kabla, mrina asali mmoja kutoka upande wa Sikonge alilala kwa jirani usiku mbili, baiskeli yake imefungwa madumu manne ya asali, na nyuma ya baiskeli mbwa watatu wembamba wa porini. Mbwa wale walilala chini ya mwembe wetu. Walikunywa kwenye sufuria ya Mpagazi. Mmoja wao, mpwa wangu akakumbuka sasa, alikuwa "anasafisha koo".

Daktari akaandika kwenye daftari lake. Kikohozi cha namna hii, ambacho mbwa hupeana wanapokutana, hutokana na mchanganyiko wa virusi na bakteria, bakteria mmojawapo akiitwa Bordetella. Huruka kwa hewa mbwa anapokohoa, hubaki kwenye vyombo vya maji, na huchukua kati ya siku 2 na 14 tangu kuambukizwa hadi kikohozi cha kwanza. Saba zilikaa humo humo.

Nililala nikiwaza juu ya mwembe ule. Mimi ni mtu niliyekua nikipita mbele ya tembe la makumbusho la Kwihara karibu kila siku ya shule, ninayejua kwamba Tabora iliota pale njia zilipokutana: ya kwenda Ujiji, ya kwenda Karagwe na Buganda, ya kushuka Bagamoyo. Tunasimulia bidhaa zilizopita hapa. Magonjwa yaliyopita hapa tunayasimulia kidogo. Ndui ilikwenda na misafara kambi kwa kambi, na kipindupindu vilevile. Funza wa miguuni, ambao sasa tunadhani ni wa kwetu tangu Adamu, walifika pwani ya Angola na meli iliyotoka Brazili mwaka 1872, na kabla karne haijaisha walikuwa wamelivuka bara lote na kutokea pwani ya mashariki, vidoleni mwa wasafiri. Kila kambi ilikuwa na kivuli, maji na watu wa kutoka mbali. Ua wangu ulikuwa na vyote vitatu, na mimi nikasema hakuna aliyekuja.

3. Asali ndiyo, kitunguu saumu hapana

Mzee wa jirani, mtu mwema, alileta dawa siku ya pili: kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi, asali. Ndiyo dawa iliyotulea sote. Nilimwekea Mpagazi kwenye bakuli, akanusa, akaondoka. Namshukuru Mungu kwa pua ile. Kitunguu maji na kitunguu saumu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa, na madhara huweza kuonekana siku kadhaa baadaye, ufizi ukipauka na mkojo ukiwa mweusi, wakati mwenyewe amekwisha kusahau alichompa.

Kabatini nilikuwa pia na mabaki ya vidonge vya mgongo wangu. Daktari aliviona, akavichukua, akavitia mkobani mwake bila kuniuliza. Ibuprofeni na diklofenaki humchubua mbwa tumbo na kuumiza figo; parasetamoli huweza kumwua ini; na baadhi ya dawa za maji za kikohozi za watu hutiwa utamu uitwao zailitoli, ambao hushusha sukari ya mbwa ghafla hadi akaanguka.

Asali aliiruhusu: kijiko kidogo ndani ya maji ya vuguvugu, asubuhi na jioni, kwa kuwa Mpagazi ni mbwa mzima na hana kisukari. Inalainisha koo, alisema, haiponyi. Hapo tulibishana. Mimi ni mtu wa Tabora, mji wenye chuo chake cha nyuki, na kumwambia mtu wa miombo kwamba asali haiponyi ni kutafuta ugomvi. Akacheka: "Ningekuwa mtoza hongo kama babu zangu Ugogoni, ningekutoza dumu zima kwa ubishi huu." Hongo ya zamani hiyo, ya kuruhusu msafara upite, msomaji asije akafikiria vingine. Ada yake aliitolea risiti.

4. Hesabu pumzi akiwa amelala

Hili ndilo funzo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu halina gharama na liliniondolea wasiwasi. Mbwa akilala, tazama ubavu: ukipanda na kushuka ni moja. Hesabu dakika nzima. Mbwa mwenye afya aliyetulia huvuta pumzi kati ya 10 na 30. Nilifungua daftari la mpwa wangu la hisabati nikaandika kila usiku: 18, 22, 20, 19, 24. Usiku wa 24 sikulala. Asubuhi ikarudi 20.

Pamoja na pumzi, daktari alinionyesha kuinua mdomo na kutazama ufizi kwa nje, bila kuingiza kidole, maana somo la kwanza alihakikisha limeingia. Uwe wa waridi. Ukipauka au kuwa na rangi ya samawati, usingoje kesho. Vilevile mbwa akikataa chakula siku nzima, pumzi zikipita 40 akiwa usingizini, joto likizidi nyuzi 39.5, au kikohozi kikawa cha majimaji kinachotoka chini mapafuni.

Macho aliyatazama muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Alikuwa anatafuta mambo mawili. La kwanza ni usaha wa macho na pua unaokuja na distempa, ugonjwa unaoanza kama mafua, na baadaye ukaingia kwenye ubongo na kumfanya mbwa atetemeke. Mwaka 1994 virusi hivyo viliwaua simba wapatao 1,000 wa Serengeti, takribani theluthi moja ya wote, na wengi walielekeza kidole kwa mbwa wa vijiji vya kandokando. Tangu aniambie hivyo siwezi tena kumwona mbwa asiyechanjwa kama shida ya mwenyewe tu.

La pili ni ukungu kwenye mboni. Mbwa wanaofuatana na warina asali huingia misitu yenye mbung'o, na nagana, ugonjwa wanaoueneza, haiwachagui ng'ombe peke yao. Mbwa huipata vibaya, jicho likageuka la maziwa. Mpagazi haendi porini, lakini aliwahi kunifuata kuni mara mbili mwezi ule. Daktari alichukua tone la damu sikioni, likapelekwa kwenye maabara ya veterinari hapa hapa Tabora. Hapakuwa na vimelea. Nilijifunza tu kwamba mji wetu una maabara hiyo, jambo ambalo miaka yote ya kufuga kuku na mbuzi sikulijua.

5. Mnyororo unakohoza

Mpagazi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, kama mbwa wengi wa hapa. Kila alipoona mtu barabarani alivuta, mnyororo ukamkaba, kikohozi kikaanza. Niliukata mshipi wa zamani wa begi nikamshonea mkanda wa kupita kifuani. Kikohozi cha mchana kilipungua nusu siku ileile. Jiko la mkaa pia tulilihamisha, kwa kuwa lilikuwa linapuliza moshi moja kwa moja kibandani mwake. Shangazi hakufurahi: jiko limehama kwa ajili ya mbwa. Lakini na yeye aliacha kukohoa, jambo ambalo hatujalizungumzia mpaka leo.

6. Sindano ya haraka haina haraka yoyote

Kijana wa duka la pembejeo alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali: oksitetrasaiklini, choma sindano moja, kesho mzima. Nilishika chupa mkononi. Ni rahisi sana kuinunua, na mtu anayemwona mbwa wake anajikamua saa nane za usiku hataki mhadhara.

Daktari alikataa. Vikohozi vingi vya aina hii huisha vyenyewe ndani ya wiki mbili au tatu, na dawa ya bakteria haifanyi lolote kwa virusi. Tukangoja. Siku ya tisa makamasi ya Mpagazi yakawa mazito, ya manjano, na joto likapanda kidogo. Hapo ndipo alipotoa doksisaiklini, kwa siku alizozihesabu mwenyewe, kila kidonge ndani ya tonge la ugali na dagaa, kwa sababu kidonge hicho kikikwama kwenye umio huunguza. Dozi nikaimaliza, hata pale mbwa alipoonekana mzima na mpwa wangu akapendekeza tubakize vichache vya mwakani.

7. Mbwa mgonjwa hasafiri

Kabla mtani wangu hajafika, nilikuwa nimepanga kumfunga Mpagazi kwenye kreti nyuma ya baiskeli na kumpeleka mjini, vumbi la kiangazi lote usoni mwake, hadi kwenye foleni yenye mbwa wa watu wengine. Ningemwongezea kikohozi yeye na kukigawa kwa wenzake.

Mpango ule ulinirudisha kwenye habari za Stanley, ambazo watoto wa Kwihara tunalishwa pamoja na uji. Alipoanza safari ya kumtafuta Livingstone mwaka 1871 alikuwa na mbwa aliyeitwa Omar, aliyetoka naye India. Omar hakuiona Tabora. Aliugua tumbo akafia njiani, msafara ukiendelea. Safari ya pili Stanley alikuja na mbwa watano wa Kiingereza, na mmoja wao, Bull, akaanguka mwaka 1876 baada ya kutembea nusu ya bara. Livingstone naye alikuwa na mbwa mdogo, Chitane, aliyezama akivuka maji mwanzoni mwa 1867. Msafara haukuwa na siku ya kumngojea mbwa, wala mara nyingi mpagazi: mtu aliyeugua aliachwa kijijini na mzigo wake ukagawanywa. Livingstone mwenyewe alipata bahati ya kukaa. Kuanzia Machi hadi Agosti 1872 alitulia Kwihara akingoja watu ambao Stanley aliahidi kumtumia kutoka pwani. Mpagazi wangu naye alipewa Kwihara yake: kibanda, gunia kavu, maji safi, wiki tatu bila kufukuza baiskeli.

8. Mwambie jirani kabla hajasikia

Nilitaka kuficha. Mbwa akijulikana mgonjwa, mtaani hapakosi mtu wa kusema apigwe. Daktari hakunipa nafasi. Alinituma nyumba kwa nyumba kwenye zile tano zenye mbwa, niwaambie wawafunge mbwa wao, na kwamba Mpagazi anaweza kuendelea kuambukiza hata wiki kadhaa baada ya kikohozi kuisha.

Nyumba ya sita haina mbwa, ni ya ustadhi mmoja, na kwake nilikwenda kwa shingo upande. Miaka yote tumeishi kwa adabu ya umbali: mbwa wangu hakaribii kisima chake. Nilimweleza habari ya mate, ya kidole changu, ya dakika 15 na sabuni. Akasikiliza, akachezesha tasbihi. "Sisi chombo alicholamba mbwa tunakiosha mara saba, moja kwa udongo," akasema. "Nyinyi mmengoja daktari." Kisha akamwita mwanawe, akampa galoni la maji ya kisima aniletee, ili mgonjwa wangu asigombanie sufuria na wageni.

Mbwa wawili kati ya wale wa nyumba tano walikohoa. Watatu waliofungwa mapema hawakukohoa. Septemba 28, siku ya kichaa cha mbwa duniani, tulikwenda kuchanja kwa zamu, mbwa mmoja mmoja, kila mmoja na mkanda wa kifuani ambao sasa ninashona kwa malipo ya trei ya mayai.

Julai hii mrina asali amerudi. Nilisikia kengele ya baiskeli, nikatoka mbio hadi barabarani kabla hajafika kwenye kivuli cha mwembe, mikono nimeinyoosha kama askari wa trafiki. Mbwa walikuwa wawili safari hii. Mpagazi alisimama nyuma yangu na ndala mdomoni.

"Wale mbwa wako wanakohoa?" nikamwuliza. "Wamechanjwa? Wamelala wapi jana?"

Mzee akashuka kwenye baiskeli, akaiegemeza kwenye nguzo, akajipangusa vumbi usoni taratibu.

"Mwangaluka kwanza, mwanangu," akasema.